Ngoma ya Stambuli ndani ya muziki wa Mozart

Kuna wimbo mmoja wa piano ambao karibu kila mtu ameusikia, hata yule asiyejua kwamba duniani alipata kuwako mtu aitwaye Mozart. Umetiwa katika visanduku vya muziki vya watoto, katika saa za kengele na katika simu za mkononi. Huanza kwa sauti zinazozunguka-zunguka mahali pamoja, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, kisha mara ukashika mwendo wa askari. Mtunzi aliupa jina la Kitaliano, Alla Turca, yaani "kwa namna ya Kituruki".

Hapo ndipo linapozuka swali. Wolfgang Amadeus Mozart alizaliwa Salzburg mwaka 1756 akafa Vienna mwaka 1791. Tangu utotoni baba yake alimzungusha Ulaya kumwonyesha watu. Alifika Paris, London na miji mingi ya Italia. Uturuki hakutia mguu kamwe. Basi namna hiyo ya Kituruki aliipata wapi? Na Waturuki wenyewe, lau wangelisikia wimbo huo, wangeliutambua kuwa ni wao?

Liko na swali la pili, ambalo ni ndugu wa la kwanza. Mtu akiitazama okestra kubwa ya Kizungu ataona mbele fidla nyingi, katikati filimbi na mabaragumu, na kule nyuma kabisa ngoma moja kubwa mno, matoazi ya shaba na kijichuma kilichokunjwa pembe tatu. Vyombo hivi vitatu havikuwamo katika okestra za zamani. Viliingia lini, na nani aliyevifungulia mlango?

Majibu yote mawili yatoka nyumba moja, nayo ni kasri ya Sultani wa Istanbul, au Stambuli kama walivyosema wazee wetu.

BENDI YA VITA

Masultani wa Dola ya Uthmania walikuwa na askari waliojulikana kwa jina la Yeniçeri, maana yake askari wapya. Wazungu walilivuruga jina hilo wakawaita Majanisari. Askari hao hawakwenda vitani kimya. Walifuatana na wapigaji walioitwa mehter, ambao kazi yao ilikuwa kuwatia askari nguvu na kuwatia maadui kiwewe.

Vyombo vyao msomaji wa Pwani havitamsumbua. Palikuwa na zurna, ambayo ni ndugu wa damu wa zumari yetu: mti uliotobolewa, wenye mdomo wa bua na sauti inayopasua hewa. Palikuwa na matoazi, ambayo wao waliyaita zil. Palikuwa na ngoma kubwa ya kuning'inizwa, ikapigwa upande mmoja kwa gongo zito na upande wa pili kwa kifimbo chembamba, ndipo ikatoa sauti mbili, dume na jike. Palikuwa na vigoma pacha viitwavyo nakkare, na tarumbeta. Juu ya hayo yote palikuwa na kös, ngoma za shaba kubwa mno zilizobebwa juu ya farasi au ngamia. Wapigaji husimama nusu duara, mfano wa mwezi mwandamo. Kwa desturi bendi ya Sultani ilipangwa tisa tisa: zumari tisa, ngoma tisa, matoazi tisa, na kadhalika.

Sasa mweke mtu wa Vienna juu ya ukuta wa mji wake mwaka 1529, au mwaka 1683, Waturuki walipouzingira kwa mara ya pili, asikie vitu hivyo vyote vikivuma kwa pamoja usiku na mchana. Haihitaji maelezo. Ngoma hiyo ilikuwa na maana moja tu kwake.

Lakini mwezi wa Septemba 1683 jeshi la Sultani lilishindwa mbele ya Vienna, na toka hapo hofu ya Wazungu ikaanza kupoa. Hofu ikipoa hugeuka udadisi, na udadisi hugeuka mtindo. Wakaanza kunywa kahawa, wakashona makoti ya Kituruki, wakachorwa picha wakiwa wamevaa vilemba. Na bendi nazo zikatakiwa. Mwanzoni mwa karne ya 18 Mfalme Augustus II wa Poland alipata bendi ya Kituruki kamili kutoka kwa Sultani. Warusi nao wakatafuta yao, kisha Austria, Prussia na Uingereza. Muda si muda mfalme asiye na ngoma kubwa na matoazi mbele ya askari wake alionekana mnyonge.

Ila wapigaji wa Kituruki hawakupatikana kila siku. Wakubwa wa majeshi walifanyaje? Waliwachukua watu weusi, wakawavisha vilemba na makoti ya rangi kali, wakawapa matoazi, wakasema hiyo ndiyo bendi ya Kituruki. Kikosi cha 29 cha Uingereza kilikuwa na wapiga ngoma weusi tangu mwaka 1759 mpaka 1843. Wa kwanza wao walikuwa wavulana waliochukuliwa kisiwani Guadeloupe, Waingereza walipoteka kisiwa hicho kutoka kwa Wafaransa. Wakapewa ofisa mmoja kama mtu anavyopewa zawadi ya kuku. Mtoto wa Kiafrika, aliyezaliwa katika utumwa wa Mfaransa, akapiga ngoma ya Mturuki katika jeshi la Mwingereza!

OSMIN NA PASHA SELIM

Mozart aliishi katika Salzburg na Vienna za mtindo huo. Tarehe 16 Julai 1782 opera yake iitwayo Die Entführung aus dem Serail, maana yake "Kutoroshwa kutoka kasrini", ilionyeshwa mara ya kwanza mjini Vienna. Hadithi yake ni ya msichana wa Kizungu, Konstanze, aliyetekwa na maharamia akauzwa kwa Pasha Selim. Mchumba wake Belmonte anakuja kumtorosha. Mlinzi wa nyumba ya Pasha anaitwa Osmin, mtu mnene mwenye hasira, na sauti yake ni nzito kama inatoka kisimani. Anapotishia kuwakata watu vichwa, ngoma kubwa na matoazi hulia pamoja naye. Mozart mwenyewe alimwandikia baba yake mwaka 1781 akamweleza kwamba muziki wa Kituruki utaifanya hasira ya Osmin ichekeshe.

Tusifiche. Osmin ni Mwislamu wa kuchekwa. Katika sehemu moja anashawishiwa kunywa mvinyo mpaka analewa, na watazamaji wa Vienna walicheka. Msomaji akiudhika ana haki yake.

Ajabu ni kwamba hadithi haikuishia hapo. Wale wachumba wanakamatwa wakitoroka, na Pasha Selim anagundua kwamba Belmonte ni mtoto wa adui yake mkubwa, mtu aliyemdhulumu akampokonya kila kitu. Kila mmoja anangoja upanga. Pasha anawaachilia huru wote, akisema ni furaha kubwa zaidi kulipa uovu kwa wema kuliko kulipa uovu kwa uovu. Katika opera ile nzima hakuna Mkristo atendaye jambo la murua kama hilo. Na Pasha haimbi hata neno moja; mchezo mzima yeye husema tu, kana kwamba Mozart hakutaka kumtilia matoazi mtu mwenye heshima zake.

Ule wimbo wa piano ulikuja kama mwaka mmoja baadaye, ukachapishwa Vienna mwaka 1784. Piano haina ngoma wala matoazi, kwa hiyo Mozart aliutwika mkono wa kushoto kazi ya bendi: unapiga sauti nzito za haraka kama gongo juu ya ngozi, moja zito na tatu zinazofuata, moja zito na tatu. Haikupita miaka mingi mafundi wa piano wakaona hilo halitoshi. Wakatengeneza piano zenye kikanyagio maalumu. Mpigaji akikikanyaga kwa mguu, nyundo iliyovikwa ngozi inagonga ubao wa ndani na kengele zinalia. Mabinti wa matajiri wakawa wanapiga ngoma ya Majanisari sebuleni, viatu vya hariri miguuni.

WALICHUKUA NINI, WALIACHA NINI

Turudi kwenye swali letu. Je, Mturuki angeliutambua wimbo wa Mozart? Mwendo wa ngoma huenda angeliukisia. Sauti yenyewe, la.

Muziki wa mehter, kama ulivyo muziki wote wa Kituruki na wa Kiarabu, husimama juu ya maqam. Wapenzi wa taarabu wanalielewa jambo hili hata kama hawalijui jina lake: kati ya sauti mbili zinazofuatana katika piano mna sauti nyingine, nyembamba, ambayo mpiga udi huipata kwa kusogeza kidole kidogo tu, na ndiyo hiyo inayomfanya msikilizaji atikise kichwa. Piano haina pa kuitia. Tena katika mehter zumari zote hushika wimbo mmoja. Hakuna huyu kwenda juu na yule kwenda chini kama wafanyavyo Wazungu. Wazungu waliokuwa juu ya ukuta wa Vienna walisikia kishindo, wakachukua kishindo. Maqam hawakuisikia, na hawakuwa na masikio ya kuisikia. Hata ile pembetatu ya chuma waliiongeza wenyewe, ilimradi ilie.

Matoazi, hata hivyo, yalikuwa halisi. Fundi mmoja wa Kiarmenia mjini Istanbul, Avedis, aligundua namna ya kuchanganya shaba nyekundu na bati yakatoka matoazi yenye mlio safi yasiyovunjika upesi. Jamaa zake wakaitwa Zildjian, yaani watoto wa mfua matoazi. Kampuni yao huhesabu kuzaliwa kwake tangu mwaka 1623. Ilihamia Marekani mwaka 1929, na hadi leo jina hilo la Kituruki limechongwa juu ya matoazi ya bendi nyingi za vijana ambao hawajui lina maana gani.

Baada ya Mozart mlango ulikuwa wazi. Joseph Haydn alitia vyombo hivyo katika simfonia yake ya 100, iliyopigwa London mwaka 1794. Ludwig van Beethoven aliandika mwaka 1811 muziki wa mchezo uitwao Magofu ya Athens, na humo mna mwendo wa Kituruki ambao wanafunzi wa piano wangali wanaupiga. Wachache wanajua kwamba katika mchezo huohuo mna kwaya ya madarweshi, na kwamba maneno yake, aliyoyaandika August von Kotzebue, yanaitaja Kaaba, yanamtaja Mtume Muhammad (S.A.W.) na yanataja kupasuka kwa mwezi. Sidhani Beethoven alijua habari hiyo kwa undani. Lakini ni mkono wake ulioiandikia noti.

Kisha ikaja Simfonia ya 9, iliyopigwa Vienna tarehe 7 Mei 1824, mtunzi wake akiwa kiziwi. Karibu na mwisho kwaya inapaza sauti mpaka inalitaja jina la Mungu, na hapo kila kitu kinanyamaza. Msikilizaji anangoja jambo kubwa zaidi. Badala yake inasikika kwa mbali, polepole, ngoma kubwa ikigonga pamoja na filimbi nzito: bum... bum... bum. Ni bendi ya Kituruki inakuja barabarani. Ule wimbo wa furaha, ambao Baraza la Ulaya liliufanya wimbo wake rasmi mwaka 1972 na Jumuiya ya Ulaya ikaufuata mwaka 1985, unavishwa kilemba na kutembezwa kwa matoazi. Wako waliomlaumu Beethoven, wakasema ameleta kelele za kambini mahali patakatifu. Mimi naona alijua alifanyalo. Maneno yanasema watu wote watakuwa ndugu, na katika Vienna hapakuwa na mgeni aliyeogopwa zaidi kuliko mwenye ngoma ile.

SULTANI ANUNUA NGOMA

Miaka miwili tu baada ya hapo, ngoma yenyewe ilinyamaza kwao.

Askari wa Yeniçeri walikuwa wameharibika. Walifanya biashara badala ya vita, wakawapindua masultani waliojaribu kuwarekebisha. Mwezi wa Juni 1826 walipoasi tena, Sultani Mahmud II aliwapigia mizinga ndani ya kambi yao mjini Istanbul. Maelfu waliuawa. Serikali iliiita siku hiyo Tukio la Heri. Kila kilichowahusu kikafutwa, na mehter nao wakafutwa pamoja nao, kwani walihesabiwa kuwa sauti ya waasi.

Sultani sasa alitaka jeshi la kisasa, na jeshi la kisasa lataka bendi. Akatuma Ulaya kutafuta fundi. Mwaka 1828 akafika Giuseppe Donizetti, Mtaliano kutoka Bergamo, kaka wa Gaetano Donizetti, yule mtunzi mashuhuri wa opera. Alileta vyombo vya Kizungu na noti za Kizungu. Na miongoni mwa vyombo vya bendi ya Kizungu vilikuwamo nini? Ngoma kubwa na matoazi. Sultani akalipa fedha kuletewa kutoka ughaibuni kilichotoka nyumbani kwake mwenyewe.

Donizetti hakuwa mtu mbaya. Kabla ya kuwafundisha vijana wa kasri alijifunza kwanza namna yao ya kuandika muziki, akapita humo kuwapeleka kwenye noti zake. Aliwatungia masultani wawili nyimbo zao za heshima, akapewa cheo cha Pasha, akafia Istanbul mwaka 1856. Franz Liszt, mpiga piano aliyekuwa maarufu kuliko wote wakati huo, alipofika mwaka 1847 na kupiga mbele ya Sultani Abdulmecid, aliuchukua wimbo mmoja wa Donizetti akautengenezea piano.

Mwenye kuumia alikuwa mwingine. Ismail Dede Efendi, mtunzi mkubwa wa muziki wa maqam wa zama hizo, alizaliwa mwaka 1778 siku ya Idi ya Kuchinja, ndiyo maana akaitwa Ismail. Alilelewa na madarweshi wa Mevlevi na aliwatumikia masultani watatu. Inasimuliwa kwamba alipoona masikio ya kasri yamehamia kwingine, aliomba ruhusa aende Hija. Alikwenda mwaka 1846, akapatwa na kipindupindu, akafa hukohuko katika ardhi tukufu, na wasimulizi wanasema ilikuwa siku ya Idi. Sitaki kuingia katika mjadala wa ala na hukumu yake. Hilo wanalo masheikh. Lakini mtu wa namna hiyo, mwenye nyimbo mamia kichwani, kila alipokufa mmoja wao ilikuwa ni maktaba imeungua.

MPAKA MOMBASA NA LAMU

Bendi ya kijeshi ya Kizungu, na ngoma ya Stambuli tumboni mwake, sasa ilipanda meli pamoja na mabeberu ikaenea dunia nzima. Unguja, masultani walikuwa na bendi yao ya shaba, wapigaji wake wengi wakiwa Wagoa. Mombasa na Lamu, mwishoni mwa karne ya 19, vijana waliitazama bendi ya Mwingereza, wakachukua mwendo wake, mavazi yake na vyeo vyake, wakazaa ngoma ya beni. Neno lenyewe ni "bendi". Mitaa ikagawanyika Kingi na Skochi, watu wakashindana kwa ngoma, kwa nguo na kwa vyakula mpaka wengine wakafilisika. Vijana wale waliamini wanamwiga Mwingereza. Hakuna aliyewaambia kwamba ile ngoma kubwa waliyoivaa kifuani ilikwisha kuwa ya Sultani wa Kiislamu kabla haijawa ya Mfalme George.

Na huko Istanbul je? Mwanzoni mwa karne ya 20 Waturuki waliwafufua mehter. Mwaka 1935 wakafutwa tena, na mwaka 1952 wakarudishwa katika makumbusho ya kijeshi, ambako wageni wangali wanakwenda kuwasikiliza. Mavazi ni yale, vyombo ni vile, nusu duara ni ile. Nyimbo ndizo zilizokuwa na taabu. Nyingi kati ya zile zinazoshangiliwa leo zilitungwa upya katika karne ya 20, kwa sababu zile za kale zilikuwa vichwani mwa watu, na watu hao walikwisha kufa.

Za kale zilizosalimika, baadhi yake tunazo kwa ajili ya mateka mmoja. Alikuwa Mpolandi aitwaye Wojciech Bobowski. Alikamatwa na Watatari akiwa kijana, akauzwa Istanbul, akasilimu akaitwa Ali Ufki, akawa mpiga muziki katika kasri ya Topkapi. Kwao alikuwa amejifunza noti za Kizungu. Katikati ya karne ya 17, kabla hata Vienna haijazingirwa mara ya pili, aliketi akaandika nyimbo za kasri na za mehter alizozisikia, mamia yake, kwa noti hizo za Kizungu, ila alizigeuza ziende kutoka kulia kwenda kushoto, ili zilingane na maneno yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu chini yake. Kitabu chake kiko London, katika Maktaba ya Uingereza, na ndicho wanachokiendea wapiga muziki wa Istanbul wanapotaka kujua ngoma ya babu zao ililiaje.